Nguo Husomwa kwa Ndani

Yuko mjini Nyeri fundi mmoja wa cherehani, bibi anayekaribia miaka 80, ambaye amewashonea sare za shule watoto, kisha watoto wa watoto hao, na sasa anawashonea wajukuu. Na kila nguo aletewayo, iwe kanzu ya padri au sketi ya msichana wa sekondari, huianza kwa tendo moja asilolibadili: huigeuza ndani nje, akaipeleka mlangoni penye mwanga, akapitisha kidole gumba juu ya mshono polepole, kana kwamba anasoma barua. “Nje ya nguo husema na watu, mwanangu,” aliniambia siku ile nilipompelekea koti langu lililofumuka kwapani, “lakini ndani husema na fundi peke yake.” Kwa neno hilo nilikata shauri kwamba, nitakapokwenda kuyatazama kwa karibu mavazi ya filamu ambayo walimwengu wameyaona kwa mbali tu, katika kitambaa cheupe cha sinema au katika kioo cha runinga, sitakwenda na mwingine ila yeye.

Mavazi yenyewe ni ya filamu iitwayo Out of Africa, iliyoongozwa na Sydney Pollack, ikatolewa mwishoni mwa mwaka 1985, ikapata tuzo 7 za Oscar pamoja na ile ya filamu bora; na baadhi ya mavazi na vifaa vyake vimewekwa katika Makumbusho ya Karen Blixen, viungani mwa Nairobi, ndani ya nyumba alimokaa yule bibi wa Kidenmaki ambaye kisa chake ndicho kilichofanywa filamu. Toka Nyeri hadi huko ni mwendo wa zaidi ya kilomita 150. Shosho, maana ndivyo tumwitavyo sote mtaani, alivaa kitambaa chake kipya cha kichwani, akatia miwani ya kushonea mkobani, akafunga duka lake alfajiri, nasi tukaupa Mlima Kenya mgongo.

Mlima mbele ya kamera

Asidhani msomaji kwamba sisi watu wa mlimani ni wageni wa mambo ya filamu. Mwaka 1959 mwigizaji wa Marekani, William Holden, pamoja na washirika wake, alianzisha Mount Kenya Safari Club huko Nanyuki, jirani na mstari wa Ikweta, na haukupita muda mrefu akarudi na kamera kuigiza katika filamu iitwayo The Lion, iliyotoka mwaka 1962. Kisha ikaja Born Free, iliyotoka mwaka 1966, ambamo Virginia McKenna na mumewe Bill Travers walichukua nafasi za Joy na George Adamson, walezi wa simba jike Elsa. Nayo ilipigwa picha Naro Moru, chini ya kilele kile kile kitazamwacho na wakulima wa Kieni kila asubuhi wanapotaka kujua kama mvua itanyesha. Shosho alikuwa msichana wakati huo, na hata leo anakumbuka jinsi vijana wa rika lake walivyorudi kutoka upande wa Naro Moru wakisimulia, kwa mshangao usiotaka kuamini, habari za Wazungu wanaoishi na simba ili wapigwe picha.

Wala si filamu tu. Nyeri yenyewe ina mahali ambapo watu husafiri kutoka pembe zote za dunia kuja kutazama vipande vya kitambaa. Katika Paxtu, kijumba kilichomo ndani ya uwanja wa Hoteli ya Outspan, ndimo Lord Baden-Powell, mwasisi wa uskauti, alimomalizia siku zake, akafariki mwezi Januari 1941 na kuzikwa mjini humo humo, kaburi lake likielekea mlimani. Na maskauti wafikao kuzuru huacha skafu na beji zao, hata kuta zimevaa rangi za mataifa ambayo wengi wetu tumeyasoma katika atlasi tu. Mtu aliyekulia Nyeri, basi, hahitaji kufunzwa kwamba nguo yaweza kuishi baada ya aliyeivaa, na kwamba wapo watakaovuka bahari ili waitazame.

Nyumba ya kweli, nguo za mchezo

Nyumba ya Karen Blixen ilijengwa mwaka 1912, kuta zake za mawe, baraza zake pana, na mbele yake bustani inayokwenda hadi macho yakutane na vilima vya Ngong. Bibi huyo alikaa humo tangu mwaka 1917 hadi mwaka 1931, shamba lake la kahawa lilipomshinda akarejea kwao. Mwaka 1964 serikali ya Denmaki iliinunua, ikaitoa hiba kwa Kenya iliyokuwa imepata uhuru punde, na mwaka 1986, filamu ingali midomoni mwa watu, milango ikafunguliwa kuwa makumbusho. Lakini jambo wasilolijua wageni wengi ni kwamba filamu haikupigwa picha ndani ya nyumba hii. Sehemu kubwa ilipigwa katika nyumba yake ya kwanza, isiyo mbali na hapo, alimokaa kabla ya mwaka 1917. Kwa hiyo mambo yamepishana kwa namna ya ajabu: nyumba ya mchezo ilikuwa kwingine, na hapa, katika nyumba ya kweli, ndipo nguo za mchezo zilipokuja kutua, zikalala karibu na vyombo na vitabu vya mwenye nyumba halisi.

Tuliingia chumbani tukavua kofia, kama waingiavyo watu penye maiti au penye mtoto mchanga. Zilikuwapo buti za ngozi, na suruali ya kupandia farasi, ya rangi ile ya vumbi ambayo jina lake, kaki, limetoka Uajemi na Uhindi kwa neno lenye maana hiyo hiyo ya vumbi. Jambo la kwanza lililonishika ni udogo wake. Katika sinema mwigizaji huwa mrefu kuliko nyumba, uso wake mmoja ukajaza ukuta. Lakini vazi, likiachwa peke yake, hukurudishia kipimo cha binadamu, kiuno cha binadamu, unyayo wa binadamu aliyesimama juani saa nyingi akingojea aambiwe atembee. Nilihisi kwamba nimeonyeshwa siri ambayo kamera iliificha miaka yote, nayo ni kwamba mtu yule alikuwa mtu.

Shosho hakuniambia alichohisi. Alivaa miwani, akainama kadiri mgongo wake ulivyomruhusu, mikono akiifunga nyuma ili isije ikamsaliti, akautazama mshono wa upande kwa muda mrefu hata kijana aliyetuongoza akanyamaza. Hatimaye alisema kwa sauti ya chini, “Laiti ningeigeuza.” Baadaye kidogo akauliza swali ambalo ndilo lililoufungua mjadala wetu wote wa siku ile: “Huyu bibi alikuwa na mali, mbona wamemvalisha nguo iliyochakaa?”

Ustadi wa kuzeesha

Jibu la swali hilo ni taaluma nzima. Aliyeyabuni mavazi ya Out of Africa ni Milena Canonero, mbunifu wa Kitaliano ambaye kabla ya hapo alikwisha kutwaa Oscar mbili, kwa Barry Lyndon na Chariots of Fire. Naye, kama mabingwa wote wa kazi hii, alijua kwamba nguo mpya haina kisa, na kwamba mtazamaji, hata asiyejua kushika sindano, huitambua papo hapo nguo ambayo haijapata kuishi. Ndiyo maana katika karakana za filamu, baada ya fundi kumaliza kazi yake kwa uangalifu wote, huja fundi mwingine ambaye kazi yake ni kuiharibu kwa uangalifu ule ule: huisugua kwa msasa na brashi ya waya penye viwiko na magoti, huichovya katika maji ya chai ili weupe ufifie, huitia mawe mifukoni na kuitundika mpaka mifuko ilegee kama mifuko ya mtu mwenye mazoea ya kutia mikono humo. Aghalabu vazi moja hushonwa mara tatu au nne, moja safi, moja la vumbi, moja la kuangukia matopeni, kwa kuwa picha hazipigwi kwa mfuatano wa hadithi, na huenda mhusika akafa Jumatatu na kuposwa Alhamisi.

Tena kuna elimu ya rangi, maana jicho la kamera si jicho la mwanadamu. Viatu vyekundu alivyovaa Judy Garland katika The Wizard of Oz ya mwaka 1939, ambavyo huenda ndivyo viatu mashuhuri kupita vyote duniani, vilikuwa vya fedha katika kitabu. Vikageuzwa vyekundu ili vipate kung'aa katika filamu ya rangi, ambayo siku hizo ilikuwa ajabu mpya. Na wekundu wenyewe ukafanywa wa kukoza kama damu ya mzee, kwa sababu wekundu wa kawaida ungetokea katika picha kama rangi ya chungwa. Shosho aliposikia hayo alitikisa kichwa kwa ridhaa, akanieleza kwamba naye kwa miaka mingi amekuwa akikataa kushona sare za buluu chini ya taa ya umeme, kwa maana buluu ya usiku humdanganya fundi, na asubuhi mkono wa shati hugombana na kifua chake.

Na baada ya ustadi wa kuzeesha huja ustadi ulio kinyume chake, yaani wa kuzuia uzee. Nguo ni miongoni mwa vitu dhaifu kuliko vyote vitunzwavyo katika makumbusho: mwanga huinyonya rangi, na rangi iliyokwisha kunyonywa hairudi, joto na unyevu vikipanda na kushuka, nyuzi hutanuka na kusinyaa hata zikakatika, nondo hutaga penye sufu, na uzito wa vazi lenyewe, likining'inizwa begani miaka mingi, hulirarua taratibu. Kwa hiyo makumbusho makubwa huziwekea nguo mwanga hafifu usiozidi vipimo 50 vya lukisi, huzilaza gizani kwa muda mrefu baada ya kila maonyesho, na huunda sanamu la kuvalia linalolingana na mwili wa mwigizaji kwa kila pembe, ili vazi lisimame pasipo kujivuta. Mgeni hulalamika kwamba ukumbi una giza. Giza hilo ndilo linaloziongezea nguo umri.

Glavu za Juma

Tulipotoka chumbani tukapita penye picha ya Juma, msimamizi wa nyumba, aliyechorwa pamoja na jamaa zake, nayo imetundikwa ukutani. Hapo ndipo Shosho alipokumbuka jambo katika filamu, ambayo tuliitazama pamoja dukani mwake usiku wa kuamkia safari. “Na zile glavu,” akauliza, “zile alizovalishwa Juma, ziko wapi?”

Atakayekumbuka filamu hiyo atakumbuka kwamba bibi mwenye nyumba, alipotaka chakula kiandaliwe kwa adabu za kwao, alimvalisha Juma glavu nyeupe. Na mwishoni, shamba lilipokwisha teketea na vitu vikiuzwa bustanini, alimfungua vifungo vya glavu hizo kwa mkono wake mwenyewe, akazivua, akakiri kwamba halikuwa shauri jema. Sijui kama yuko mbunifu mwingine aliyeweza kusema mengi kiasi hicho kwa vipande viwili vya pamba. Katika filamu nzima, yenye mashamba na ndege na vita na mapenzi, hukumu ya kweli juu ya ukoloni imetiwa katika kifungo kidogo cha kifundo cha mkono.

Na kanzu iliyovaliwa pamoja na glavu hizo nayo ina kisa chake, ambacho msomaji wa pwani atakifahamu upesi kuliko sisi wa bara. Kanzu ni libasi ya muungwana. Lamu, Mombasa na Unguja mtu huivaa kwa sala, kwa harusi na kwa baraza, na fundi mwenye ujuzi huidarizi shingoni kwa hariri kwa subira ya siku nyingi. Walowezi walipolipandisha vazi hilo bara, wakalifunga mshipi wa rangi na kulitia kofia nyekundu, wakalifanya sare ya mpishi na mwandazi. Na babu zetu wa Nyeri na Nyahururu waliopata kazi majumbani mwao waliivaa kanzu kwa mara ya kwanza wakiwa wameshika sinia. Vazi halikubadilika hata uzi mmoja; kilichobadilika ni mlango ambao mvaaji wake aliruhusiwa kuingilia.

Nilimjibu Shosho kwamba sina habari za glavu. Alisimama mbele ya picha ya Juma kitambo, kisha akasema, bila hasira, kama asemaye kipimo cha kitambaa, “Buti za bibi zimewekwa. Wale waliotembea nyuma yake nao walivaa.”

Nimelitafakari neno hilo tangu siku ile. Katika Out of Africa waliigiza watu wengi wa kwetu, na miongoni mwao walikuwamo wajukuu wa wale wale waliotajwa katika kitabu cha Karen Blixen: nafasi ya Chifu Kinyanjui ilichukuliwa na mjukuu wake mwenyewe, Stephen Kinyanjui. Alikuwamo Job Seda, ambaye dunia ya muziki ilikuja kumjua baadaye kwa jina la Ayub Ogada. Shuka na ngozi na kanzu walizovaa zilibuniwa kwa bidii ile ile, zikazeeshwa kwa msasa ule ule, zikapigwa na jua lile lile la Ngong. Lakini msafiri avukaye bahari kuja kutazama hutazama buti.

Kilichookolewa

Hata huko zilikotengenezwa filamu, nguo hazikuokolewa kwa hekima ya wenye mali. Mwaka 1970 kampuni ya filamu ya MGM, ikihitaji fedha na nafasi, iliuza kwa mnada maelfu ya mavazi iliyoyalundika kwa miaka. Na aliyenunua kwa wingi ili yasitawanyike alikuwa mwigizaji, Debbie Reynolds, ambaye kwa miaka mingi aliomba yajengewe makumbusho, asisikilizwe, mpaka mwaka 2011 akalazimika kuyauza naye. Katika mauzo yake hayo gauni jeupe la Marilyn Monroe, lile lililopeperushwa na upepo, lilinunuliwa kwa zaidi ya dola milioni 4. Jozi moja ya vile viatu vyekundu iliibwa mwaka 2005 katika makumbusho madogo ya Minnesota, ikapatikana mwaka 2018, na mnadani mwezi Desemba 2024 ikafika dola milioni 28 kabla ya ada. Vitu ambavyo jana vilikuwa takataka za ghala leo havishikiki kwa bei, na kati ya jana na leo hakikupita kitu kingine ila kwamba mtu mmoja alivihurumia.

Kadhalika imeonekana kwamba vazi la filamu laweza kumrudishia mtu sura yake. Ruth E. Carter alipobuni mavazi ya Black Panther ya mwaka 2018, ambamo binti wa Kenya, Lupita Nyong'o, ni miongoni mwa waigizaji wakuu, alizitazama shanga na rangi za Wamaasai na Waturkana, kofia za wanawake wa Kizulu na mablanketi ya Wabasotho, akawavalisha wafalme na mashujaa. Mwaka 2019 akawa mwanamke mweusi wa kwanza kupata Oscar ya mavazi, na kazi zake zikazungushwa katika maonyesho ya Marekani, watoto wakipiga foleni kuyatazama. Mambo ambayo hapa kwetu tuliyaona ushamba, huko yamewekewa kioo na mlinzi.

Sanduku la mlimani

Je, sisi tumeweka nini? Miongoni mwa watu wa kwanza wa kwetu kuvaa nguo za filamu alikuwa Jomo Kenyatta, ambaye alipokuwa mwanafunzi Uingereza aliigiza nafasi ndogo ya chifu katika Sanders of the River, filamu ya mwaka 1935 ambayo nyota wake alikuwa Paul Robeson. Miaka mitatu baadaye, kitabu chake Facing Mount Kenya kilipotoka, alijitokeza katika picha yake ya mwanzoni amejitupia vazi la ngozi begani, mkuki mkononi. Katika filamu alivalishwa na wengine. Katika kitabu alijivalisha mwenyewe. Na Dedan Kimathi, mwana wa Tetu na kiongozi wa wapigania uhuru, alipokamatwa tarehe 21 Oktoba 1956, alikuwa katika koti na kofia ya ngozi ya chui, vazi ambalo picha za wakoloni zililitangaza ili kumshusha, na ambalo wajukuu wa wale walioonyeshwa picha hizo wanalitazama leo kwa taadhima.

Lakini mavazi ya watu wa kawaida yalipita kama moshi. Wanawake wa Kikuyu walivaa muthuru, sketi ya ngozi. Na mwengu, kitambi cha mbele. Na nguo ya ngoro, joho la juu. Na masikioni hang'i za shanga. Misheni zilipokuja, mwongofu alitakiwa avae merikani na kaniki kuwa dalili ya maisha mapya, na ngozi ikahesabiwa kuwa giza. Kisha ikaja Hali ya Hatari, na tangu mwaka 1954 zaidi ya watu milioni moja wa nchi ya Wakikuyu wakahamishwa kwa nguvu na kurundikwa vijijini, nyumba zao zikitiwa moto nyuma yao. Na anayekimbia moto humbeba mtoto, habebi sketi ya nyanyake.

Hapa kuna jambo la kushangaza, ambalo linaturudisha kwenye filamu. Yule Joy Adamson, ambaye maisha yake yaliigizwa Naro Moru, kabla hajamjua simba yeyote alikwisha kupewa kazi na serikali ya kikoloni kuwachora watu wa Kenya katika mavazi yao ya jadi, akazunguka nchi na rangi zake akachora mamia ya picha, wazee, maarusi, waganga, wapiganaji. Nazo zimo hadi leo katika Makumbusho ya Taifa, Nairobi. Dunia ilimfanyia filamu kwa ajili ya simba. Huenda siku moja sisi tutamkumbuka zaidi kwa zile ngozi na shanga. Lakini picha haina ndani. Shanga halisi, nazo, ziko mbali: mradi wa International Inventories Programme, ulioyashirikisha Makumbusho ya Taifa ya Kenya pamoja na makumbusho ya Cologne na Frankfurt, ulihesabu vitu vya Kenya zaidi ya 32,000 vilivyomo katika taasisi za Ulaya na Marekani, na maonyesho yake ya mwaka 2021 jijini Nairobi yaliwekewa makabati ya vioo yasiyo na kitu, ili watu wauone uwazi wenyewe.

Hapa Nyeri tuna nyumba ya kuwekea. Pale Ruring'u limesimama jengo la mahakama ya wenyeji lililojengwa mwaka 1924, ambamo wazee wa zamani waliamua kesi za mashamba na mahari, na sasa ni Makumbusho ya Nyeri. Ombi langu kwa kila mwenye sanduku kuu chini ya kitanda, toka Othaya hadi Nanyuki, toka Kerugoya hadi Chuka, ni kwamba asilichome wala asilitupe kabla ya kuwaita watunzaji walitazame: gauni la harusi la mwaka 1960, sare ya mpishi, koti la mpiganaji, blanketi la kijijini, na zile nguo ambazo baba au shangazi alipewa avae siku moja mbele ya kamera za Wazungu. Na wale vijana wetu wanaopiga filamu siku hizi kwa bidii na mfuko mtupu, ningewasihi waziandike nguo zao majina na kuzihifadhi, kwa kuwa wao ndio MGM ya kesho, na mnada wa kesho hawaujui.

Tukirudi, gari lilisimama Karatina, siku ya soko. Penye marundo ya mitumba Shosho alisimama ghafla, mkono wake ukaingia ndani ya rundo ukatoka na koti la kaki la safari, mifuko minne, mshipi kiunoni, mtindo ule ule ambao ile filamu iliupeleka katika maduka ya Ulaya na Marekani miaka ya themanini. Lilitoka kwetu likiwa picha, likaturudia likiwa mtumba. Hapa hapakuwa na kamba wala kijana wa kumzuia. Aliligeuza ndani nje, akaielekeza bitana juani, akapitisha kidole gumba tangu kwapa hadi pindo, akaridhika, akalirudisha. “Mashine nzuri,” alisema. “Fundi alikuwa na haraka.”

Garini, baada ya Karatina, aliniambia nitoe kalamu. Alitaka niandike jinsi muthuru wa nyanya yake ulivyotengenezwa, kwa maana aliuona akiwa mdogo kabla ya nyumba zao kuchomwa, na katika ukoo wao hakusalia mwingine aliyeuona. Nikaandika: ngozi ya mbuzi, ikakwanguliwa manyoya, ikasuguliwa mpaka ikawa laini kama kitambaa, ikapakwa mafuta ya mbarika na udongo mwekundu, ikatobolewa kwa msharasi, ikashonwa kwa uzi wa kano, nyuma ndefu, mbele wazi. Alitaka nimsomee. Nikamsomea, naye akasikiliza akitazama nje, mlima ukiwa umejifunika mawingu, kisha akaniwekea mkono juu ya karatasi.

“Umeandika nje tu,” akasema. “Andika: kwa ndani, hapa penye paja, mshono ulikuwa umevimba kidogo. Nilikuwa nikiupapasa kwa vidole mpaka napatwa na usingizi.”

Nikaandika.